Kibofu kinachokurupuka: jinsi ya kuzitambua dalili zake na mambo yanayoongeza hatari

Mama alianza kwa kutokwenda misibani. Kwa mwanamke wa Ujiji, kukosa msiba wa jirani ni jambo zito, na yeye hakuwa na tabia hiyo. Kisha akaacha kupanda basi kwenda Kasulu kumwona dada yake. Kisha nikaona glasi yake ya maji inakaa mezani tangu asubuhi hadi adhuhuri, imepungua mafunda mawili. Nilidhani ni uzee. Alfajiri moja nikamkuta uani anafua shuka gizani, bila taa, ili wajukuu wasimwone.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi mwanangu. Mkojo tu hauna adabu siku hizi."

Alikuwa ameishi na hali hiyo zaidi ya mwaka. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya watu kama yeye, na kwa ajili yetu sisi tunaokaa nao nyumba moja na tusijue. Hali hii ina dalili zinazotambulika, hupimwa kwa kopo na daftari, na kwa watu wengi hupungua sana ikishughulikiwa. Kinachochelewesha ni aibu, pamoja na dawa zinazonunuliwa bila vipimo.

Hatua ya kwanza: jua kibofu kizima kinavyofanya kazi

Figo hazilali. Kwa mtu mzima hutengeneza mkojo wa lita moja hadi mbili kwa siku, na kibofu huupokea kidogo kidogo huku kikitanuka. Kikifika mililita 150 hadi 200 hivi unapata hisia ya kwanza, ile ndogo, inayokuruhusu umalize kumenya ndizi zako ndipo uende. Kikikaribia mililita 400 au 500, hapo umebanwa kweli. Muda wote huo misuli ya ukuta wa kibofu hutulia, ikisubiri ruhusa kutoka kwenye ubongo.

Wataalamu wanaposema kibofu kinafanya kazi kupita kiasi, wanamaanisha kwamba misuli hiyo hukaza yenyewe bila ruhusa, hata kibofu kikiwa hakijafika nusu. Mimi nakiita kibofu kinachokurupuka, kwa sababu ndivyo mama alivyonieleza: "Nimekaa zangu, mara kinakurupuka." Ndiyo maana mtu hukimbia chooni kama anayefukuzwa, akifika anatoa mkojo usiojaza hata kikombe.

Hatua ya pili: tafuta dalili nne, na uanze na ile iliyo kubwa

Dalili kubwa ni kubanwa ghafla kwa nguvu isiyosubirika. Dakika moja hukuwa na haja, dakika inayofuata huwezi kumaliza sentensi uliyoianza. Kama hii haipo, huenda tatizo lako ni jingine, hata kama unakwenda chooni mara nyingi.

Ya pili ni kwenda mara nyingi. Mtu mzima kwa kawaida hukojoa mara nne hadi nane kwa siku nzima, kutegemea anavyokunywa. Ukizidi nane siku baada ya siku, na hukunywa maji mengi kuliko kawaida, lizingatie.

Ya tatu ni kuamka usiku. Mara moja kwa mtu mwenye umri mkubwa si ajabu. Mara mbili, tatu, nne, usingizi unakatika vipande, na kwa nyumba zetu ambazo choo kiko uani, kila safari ni nafasi ya kuteleza na kuvunjika nyonga.

Ya nne ni kuvujiwa kabla ya kufika chooni. Si kila mwenye tatizo hili huvujiwa. Wengi hubanwa tu na kufika kwa wakati, na kwa sababu hawajalowa hudhani hawana la kumwambia daktari. Wanalo.

Kwa mama mahali pabaya palikuwa mlangoni. Akitoka sokoni Mwanga akiwa mzima kabisa, njia nzima hana haja. Akifika, akianza kufungua fundo la pindo la kanga alimofungia ufunguo, hapo hapo mkojo unambana. Ufunguo unaingia kwenye kitasa, mkojo unashuka. Hali kadhalika akisikia maji yanatiririka kwenye ndoo, au akitia mikono kwenye maji baridi. Alikuwa akidhani amerogwa, maana haielekei mtu abanwe na mlango. Lakini hili linajulikana sana: ubongo umezoea kuoanisha kufika nyumbani na kwenda chooni, na kibofu chenye misuli inayokurupuka huitikia ishara hiyo kabla yako. Ukiona kwako kuna kitasa, bomba au ndoo inayokuchokoza, liandike.

Tofautisha hali hii na kuvujiwa kunakotokana na msukumo. Mwanamke anayelowa akikohoa, akicheka, akipiga chafya au akijitwisha ndoo, bila kubanwa kabla, ana udhaifu wa misuli inayofunga njia ya mkojo, mara nyingi baada ya uzazi. Tiba zinafanana kwa sehemu tu. Na wapo wenye yote mawili kwa pamoja.

Hatua ya tatu: andika daftari la siku tatu

Kama utafanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili. Linagharimu daftari la shule, kalamu, na kopo lenye alama za mililita. Huna kopo, chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, uikate shingo, uipimie alama kwa kalamu ya wino mzito: robo yake ni 125, nusu ni 250. Iweke chooni, iwe ya kazi hiyo tu.

Kwa siku tatu, si lazima zifuatane, andika kila ukikojoa: saa, kiasi, na ulivyobanwa, kwa alama kuanzia 0 (sikubanwa) hadi 3 (sikuweza kusubiri). Kama umevujiwa, weka msalaba. Andika pia kila unachokunywa, kiasi na saa, pamoja na uji na supu. Saa uliyolala na uliyoamka zisisahauliwe.

Mama hasomi maandishi madogo, kwa hiyo mjukuu wa darasa la sita ndiye aliyekuwa karani. Asubuhi ya siku ya kwanza ilisomeka hivi: saa 11 alfajiri, 210, alama 2. Saa 1, 90, alama 3. Saa 1 na nusu, chai ya rangi vikombe viwili. Saa 2 na robo, 110, alama 3. Saa 3, 70, alama 3, msalaba. Hadi siku ilipoisha alikuwa amekwenda mara 13, tatu kati ya hizo usiku, na jumla ya mkojo wote ilikuwa mililita 1,290.

Tazama hesabu hiyo. Mkojo wa siku nzima ni wa kawaida, ila umegawanywa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kama mililita 100. Hiyo ndiyo picha ya kibofu kinachokurupuka. Kama kila safari ungetoa 350 au 400, na jumla ikazidi lita tatu, basi kibofu hakina kosa, mkojo ndio mwingi, na jambo la kwanza la kupima ni sukari. Na kama mchana ni shwari lakini zaidi ya theluthi ya mkojo wako inatoka usiku, angalia miguu inayovimba jioni, chumvi, moyo, na saa unayomeza dawa za presha. Kurasa tatu za daftari humwonyesha tabibu tofauti ambayo maneno "nakojoa sana" hayawezi kuionyesha.

Hatua ya nne: ondoa magonjwa yanayofanana nayo

Hapa ndipo sisi tulipoteza miezi. Mama alipomwambia mwuzaji wa duka moja la dawa kwamba anakwenda chooni mara kwa mara, aliambiwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa vidonge. Havikusaidia. Akarudi, akaambiwa ni UTI sugu, akapewa vingine vikali zaidi. Mara tatu, na hakuna aliyepima mkojo. UTI ipo na inasumbua watu wengi, lakini kwa kawaida huja na kuungua wakati wa kukojoa, maumivu chini ya kitovu, mkojo mchafu au wenye harufu kali, na pengine homa. Huanza ndani ya siku chache, haiji polepole kwa miezi. Kumeza antibayotiki bila kipimo huchosha mwili na kuwafundisha vijidudu kuzizoea.

Kisukari ni cha pili. Kiu isiyoisha, kukojoa kwingi, kupungua uzito: nenda ukapime, kipimo ni tone la damu kidoleni.

Kichocho cha mkojo nacho kisisahauliwe, hasa kwa watoto, wavuvi wa mabwawa na wakulima wa majaruba ya mpunga kama ya Igunga na Nzega mkoani Tabora. Vimelea hupitia kwa konokono wa maji yaliyotuama na kuingia kwenye ngozi. Alama yake kubwa ni damu kwenye mkojo, mara nyingi mwishoni mwa kukojoa. Hutibiwa kwa prazikwanteli, na kikiachwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Wapo wanaoamini kwamba kijana akikojoa damu ndiyo amebalehe. Jambo hilo si kweli, na linaumiza watoto.

Kwa wanaume waliovuka miaka 50, tezi dume ikikua huziba njia, nacho kibofu kikizoea kusukuma kwa nguvu huanza kukurupuka. Mkondo hafifu, kusubiri mpaka utoke, kudondoka matone baada ya kumaliza: mweleze daktari mambo hayo pia.

Na kuna jambo moja ninaloomba lisichanganywe na mengine. Mwanamke, mara nyingi binti mdogo, ambaye baada ya uchungu wa uzazi wa muda mrefu mkojo wake unatiririka mchana na usiku bila hata kubanwa, huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayalitibu. Huzibwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake hao bila malipo. Kama unamjua mmoja aliyefichwa chumba cha nyuma, mpeleke kituo cha afya ili apewe rufaa.

Yapo mambo yasiyosubiri daftari. Damu kwenye mkojo. Homa pamoja na maumivu ya ubavu. Mkojo kugoma kutoka kabisa na tumbo kujaa. Ganzi makalioni na sehemu za siri pamoja na miguu kulegea, hasa baada ya kuanguka au maumivu makali ya mgongo. Mjamzito anayeungua akikojoa. Hawa waende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano: pima hatari yako

Mara nyingi chanzo hasa hakionekani, lakini yanayoongeza uwezekano yanajulikana. Umri ni mmoja wao, ingawa kusema "ni uzee" na kuishia hapo ni kumnyima mtu tiba. Wanawake baada ya kukoma hedhi, kwa sababu homoni zilizokuwa zikiimarisha njia ya mkojo zimepungua. Magonjwa yanayogusa mishipa ya fahamu: kiharusi, ugonjwa wa Parkinson, kisukari cha miaka mingi, na majeraha ya uti wa mgongo. Huku kwetu Kigoma hili la mwisho nalitaja kwa uchungu, maana wapo vijana walioanguka kutoka juu ya mchikichi wakikata mikungu, wakabaki na mgongo ulioharibika na kibofu kisichotii tena. Mtu wa namna hiyo anahitaji ufuatiliaji wa hospitali maisha yake yote, kwa kuwa kibofu kisichomwaga vizuri huweza kuharibu figo.

Unene huongeza mzigo juu ya kibofu. Choo kigumu pia: utumbo uliojaa hukaa mgongoni mwa kibofu na kukibana, na wengi hawajawahi kufikiri kwamba haja kubwa na ndogo zina ujirani huo. Sigara huleta kikohozi, na kila kikohozi ni teke kwa kibofu. Vidonge vya presha vya kukojoesha, kama furosemidi, hufanya kazi viliyotumwa. Usiviache, ila muulize daktari kama unaweza kuvimeza asubuhi badala ya jioni.

Halafu vinywaji. Kafeni humchokoza mwenye kibofu cha namna hii, nayo imo kwenye kahawa, chai, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu. Najua ninavyosema nikiwa Ujiji, ambako kahawa chungu ya barazani baada ya Magharibi ni sehemu ya maisha. Sisemi baraza livunjwe. Punguza kwa wiki mbili, jioni kwanza, kisha ulinganishe daftari. Mama alibadilisha chai ya majani kuwa ya mchaichai, na vikombe viwili vile vya asubuhi vilipoondoka, safari mbili za asubuhi ziliondoka navyo. Pombe, iwe ya ndizi au ya chupa, nayo ipimwe hivyo hivyo.

Hatua ya sita: nenda na ujue la kuomba

Anza zahanati au kituo cha afya. Sema kwa maneno ya wazi: "Nabanwa ghafla, siwezi kusubiri, nakwenda mara kadhaa kwa siku, daftari hili hapa." Omba kipimo cha mkojo na cha sukari. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe ujauzito, mwanaume azungumzie tezi dume. Taja dawa zote unazomeza, za hospitali na za mitishamba. Ikibidi utapewa rufaa hadi hospitali ya mkoa, yaani Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora, na unaweza kufanyiwa altrasaundi kuona kama mkojo unabaki kibofuni baada ya kukojoa. Kama mama hawezi kusema mbele ya daktari kijana wa umri wa mjukuu wake, msindikize, au omba muuguzi mwanamke.

Hatua ya saba: anza nyumbani siku hiyo hiyo

Kwanza rudisha maji. Kunywa kidogo ili ukojoe kidogo hukoleza mkojo, na mkojo mkali hukichokoza kibofu zaidi, tena hukufunga choo. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku zinatosha wengi, zikigawanywa asubuhi na mchana, na upunguze saa mbili au tatu kabla ya kulala. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopewa na daktari wake.

Pili, ukibanwa ghafla, usikimbie. Kukimbia hutikisa kibofu na kukikaza zaidi. Simama, au kaa kama kuna pa kukaa. Bana misuli ya chini, ile unayoitumia kuzuia upepo usitoke mbele za watu, bana na uachie haraka mara tano au sita. Pumua taratibu. Wimbi la kubanwa hupanda, hufika kileleni, hushuka. Likishuka, ndipo utembee kwenda chooni kama mtu asiye na haraka. Mama alijifunza hili pale pale mlangoni, mkono mmoja ukutani, ufunguo ukiwa bado kwenye pindo la kanga. Wiki mbili za kwanza alishindwa mara nyingi kuliko alivyoweza.

Tatu, fanya mazoezi ya misuli hiyo hiyo: bana kwa sekunde tano, achia kwa sekunde tano, mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Ukizoea fika sekunde kumi. Usizuie pumzi wala kukaza makalio, na usifanye mazoezi katikati ya kukojoa. Matokeo huonekana baada ya wiki sita hadi 12, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili.

Nne, kirefushie kibofu muda wake. Tazama kwenye daftari unakwenda kila baada ya muda gani. Kama ni saa moja, jiwekee saa moja na robo kwa wiki nzima, wiki inayofuata saa moja na nusu, mpaka ufike saa tatu. Kwenda "kwa tahadhari" kila unapopita karibu na choo hukizoesha kibofu kujaa kidogo.

Usiku weka beseni lenye kifuniko karibu na kitanda, na tochi mahali mkono unapofika. Kwa safari, mwambie kondakta kabla basi halijaondoka kwamba utahitaji kuchimba dawa, na uulize vituo viko wapi. Gari moshi la kwenda Tabora lina choo ndani, na kwa mama hilo limekuwa sababu tosha ya kulipenda. Kwa wanaoswali, fiqhi ina mlango wa mwenye udhuru wa mkojo: hujisafisha, huweka kinga, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, na huswali. Muulize sheikh wako akueleze kwa hali yako. Mama alikuwa ameacha kwenda msikitini kwa jambo lililokwisha kutolewa ruhusa.

Dawa zipo, kama oksibutinini na tolterodini, ambazo hutuliza misuli ya kibofu. Huandikwa na daktari, kwa kuwa hukausha kinywa, hufunga choo, zinaweza kuwachanganya akili wazee, na hazifai kwa baadhi ya wenye presha ya macho au mkojo unaobaki kibofuni. Zikishindikana, hospitali kubwa zina tiba nyingine.

Baada ya wiki sita andika tena siku tatu, kwenye daftari lile lile, uweke kurasa mbili ubavu kwa ubavu. Kama idadi haijapungua, rudi kwa daktari nazo zote mbili. Ukurasa wa pili wa mama ulikuwa na mara tisa, usiku mara moja, msalaba hakuna. Ijumaa ya wiki hiyo alikwenda msibani, akakaa hadi hitima ikaisha.